Meli ya mtoni Vienna: ulizia gati kwanza

Mtu akikuambia meli yake ya Danube inaondokea Vienna, bado hajakuambia kitu. Meli nyingi za kitalii hufunga gatini Reichsbrücke, penye daraja la jina hilo, nyingine Nussdorf, kaskazini ya jiji, na mwendo kati ya gati hizo mbili si wa kuburuta begi. Angalia karatasi za safari. Kama gati halikutajwa, wapigie wakala kabla hujatoka nyumbani.

Anwani ya Reichsbrücke ni Handelskai 265, na hapo ndipo watu hupotea. Handelskai ni barabara ndefu inayofuata mto, na kuna kituo cha treni chenye jina hilohilo zaidi ya kilomita 2 kutoka gatini. Shemeji yangu alinipigia simu akiwa kituoni hapo na mabegi manne na mama mkwe aliyekwisha nuna, akiuliza meli iko wapi. Usishuke hapo. Kutoka uwanja wa ndege panda treni ya Railjet hadi Hauptbahnhof, yaani kituo kikuu, robo saa hivi, kisha metro ya U1 inayoelekea Leopoldau, ushuke Vorgartenstraße. Fuata Lassallestraße kuelekea darajani. Ukiona kulia kwako kanisa kubwa la mapaa mekundu, lenye minara kama ngome, mto uko mbele yako.

Treni ya CAT, nyingine ya uwanja wa ndege, inakwenda kituo cha Wien Mitte bila kusimama, dakika 16, lakini bei yake ni ya juu na bado utabadilisha treni. Mimi sioni faida yake.

Kwa Nussdorf, tramu D inafika hadi mwisho wa njia huko. Ukiwa na wazee au mizigo mizito, chukua teksi, usijitese. Na usidanganyike na meli utakazoziona Schwedenplatz, katikati ya jiji: ule ni mfereji, si mto wenyewe, na boti za kasi za Bratislava ndizo huondokea pale.

Jingine: meli hufungwa ubavu kwa ubavu. Yako ikiwa ya tatu kutoka ukingoni, utakatiza mapokezi ya mbili za wenzako ukiwa na begi mkononi, kwa hiyo dawa na pasipoti ziwe kwenye mkoba mdogo.

Siku ya kushuka, vyumba hudaiwa asubuhi mapema na kila abiria anataka teksi saa ileile. Waambie mapokezi wakuagizie tangu usiku. Ndege yako ikiwa ya jioni, Hauptbahnhof kuna makabati ya kulipia ya kuhifadhi mizigo. Iache hapo uzunguke mjini mikono mitupu.