Ng'ombe kagongwa na treni: "reli haina uzio" peke yake haitoshi

Pole sana mkuu. Ng'ombe wanne kwa mpigo si jambo dogo. Umeuliza kama unaweza kudai fidia kwa kuwa reli haina uzio, na kuna mchangiaji kakwambia Marekani mfugaji hulipwa mara mbili. Nakujibu kama mtu aliyepoteza watatu kwenye tuta la reli huku Usangu.

Hilo la Marekani lipo, ila lina msingi wake. Jimbo la Missouri lilitunga sheria ya kuzitaka kampuni za reli zijenge uzio na kuutunza. Kampuni isiyojenga, mnyama akiuawa, inalipa mara mbili ya hasara. Kampuni moja iliipinga hadi Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, ikashindwa mwaka 1885. Uingereza nako ni Bunge lililozibebesha kampuni za reli kazi ya kuzungushia uzio mashamba ya jirani, kwa sheria ya 1845. Yaani wajibu wa uzio uliandikwa kwanza, ndipo watu wakalipwa. Ukiichukua hoja hiyo peke yake ukaja nayo mahakamani kwetu Tanzania, utakwama. Huku utabanwa uonyeshe uzembe: kwamba dereva aliweza kuwaona, au alipaswa kupiga honi pale, na hakufanya hivyo. Na wewe utaulizwa mchungaji alikuwa wapi, maana fidia hupungua kwa kadiri ya kosa lako.

Mimi sikudai. Ilikuwa masika, mbuga imejaa maji, na pakavu palikuwa tuta la reli tu. Anayefuga Usangu anajua: ng'ombe hapendi kulala kwenye tope, atapanda tuta. Zizi nilikuwa nimelijenga karibu mno na reli, lango nikaliziba kwa miiba tu. Wakatoka usiku. Honi tuliisikia wote nyumbani, ndefu, mara tatu, kisha breki. Treni ya mizigo iliyosheheni haisimami kwa mita mia, na pale pana kona. Ningemlaumu nani? Mmoja alikuwa na mimba kubwa. Nililia pale pale tutani, na watoto wakiniona. Zizi nikalihamisha wiki ile ile.

Lakini yako naona ni tofauti. Umesema ni mchana, mahali pamenyooka, kwenye kivuko ambacho kijiji kizima hupitisha mifugo kwenda majini, na watu waliokuwepo hawakusikia honi. Hapo pana hoja ya kusimama nayo, ila inategemea sana unachofanya sasa hivi.

Usiruhusu mizoga ichunwe kabla afisa mifugo hajaandika taarifa. Najua majirani wamefika na visu, na nyama inaharibika, lakini nyama ikishagawanywa, ngozi zenye chapa zikaondoka na hereni zikatupwa, utathibitishaje kwamba ng'ombe walikuwa wako? Piga picha za kila mmoja alipoangukia, na picha moja inayoonyesha nguzo ya kilomita iliyo karibu, ili mtu asije akasema ni mahali pengine. Andika saa na treni ilikotokea. Ripoti polisi upate RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu chao, mtendaji wa kijiji naye akuandikie barua. Bei ithibitishe kwa risiti za mnadani za ng'ombe wa umri huo, usikadirie kwa hasira. Ukiuza nyama, tunza hesabu, kwa sababu pesa hiyo itapunguzwa kwenye madai yako.

Kisha andika barua ya madai kwa mwenye reli, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Ukomo wa kufungua madai ya aina hii ni miaka 3, ila usijipe raha: kama mmiliki ni shirika la umma, sheria inataka notisi ya siku 90 kabla ya kufungua shauri. Hilo mpelekee wakili, hata wa msaada wa kisheria, kabla hujaandika lolote la kimahakama.

Mashahidi ndio wananitia wasiwasi zaidi. Umetaja mama aliyekuwa anachota maji kivukoni na vijana wawili wa bodaboda. Vijana wa bodaboda leo wapo Chimala, kesho Makambako. Wafuate leo, maelezo yao yaandikwe na kusainiwa, na uchukue namba zao za simu.