Paka wako akitapika

Ikiwa paka ametapika mara moja tu, kisha anacheza na kunywa maji kama kawaida, mwondolee chakula kwa saa chache, mwachie maji, halafu umpe kidogo kidogo nyama ya kuku iliyochemshwa bila chumvi wala viungo. Usimshindishe na njaa siku nzima, kwa kuwa ini la paka, hasa aliyenenepa, hudhurika upesi anapokosa chakula. Dawa za binadamu usimpe kabisa; parasetamoli humuua. Akitapika mfululizo, akitoa damu, akilegea, au ukishuku kwamba amekula sumu ya panya au amemeza uzi (usiuvute, hata ukiuona ukining'inia mdomoni), mpeleke kwa daktari wa mifugo leo hii.