Biti Ipi kwa Skrubu Ipi: Ushauri kwa Anayefungua Magari Nairobi

Wenye magari na mafundi wanaoanza kazi huniuliza mara kwa mara wanunue seti gani ya biti, zile ncha za bisibisi zinazobadilishwa, nao hutarajia niwatajie aina moja iliyo bora kuliko nyingine zote. Jibu langu huwavunja moyo kidogo, kwa sababu aina ya biti haichaguliwi na anayefungua gari. Ilikwisha kuchaguliwa na aliyeliunda, na kilichobaki kwetu ni kuitambua sawasawa kabla ya kuzungusha. Skrubu nyingi ninazoziona gereji zikiwa zimelika vichwa hazikuharibiwa na kutu wala na wingi wa nguvu za fundi, bali na biti iliyofanana na ile iliyotakiwa, ikaingia tunduni bila kukataa, kisha ikateleza.

Naanza na skrubu za msalaba, kwa kuwa ndizo zinazotutia hasara zaidi hapa kwetu. Sehemu kubwa ya magari yanayoegeshwa Kirinyaga Road yakisubiri vipuri yaliletwa nchini yakiwa yametumika Japani: Probox, Fielder, Demio, Forester, Fit na ndugu zake. Skrubu zake za msalaba zilichongwa kwa kipimo cha Kijapani kiitwacho JIS, ilhali bisibisi nyingi zinazouzwa mjini ni za Phillips, umbo lenye jina la Mmarekani Henry Phillips, aliyepewa hataza zake mwaka wa 1936 na ambalo General Motors ililitumia mapema kwenye Cadillac. Ukiyatazama maumbo hayo mawili kwa haraka utasema ni kitu kimoja. Tofauti iko ndani ya tundu. Ncha ya Phillips imechongoka zaidi, na pale mabawa yake yanapokutana pana mviringo mdogo, kwa hiyo ikitiwa kwenye tundu la JIS hukwama kabla ya kufika chini. Hapo inashika kwa juu juu tu, na ukiikaza inapanda na kuruka nje, huku kila mruko ukichonga kingo za tundu zaidi. Ncha ya JIS ni butu, hukaa hadi chini kabisa, tena hufanya kazi vizuri kwenye skrubu nyingi za Phillips. Ndiyo maana anayefungua magari ya Kijapani kila siku namshauri anunue bisibisi za JIS nambari 2 na nambari 3 kabla ya kitu kingine chochote, na akipata za kampuni ya Kijapani kama Vessel asisite.

Skrubu nyingi za JIS zina nukta ndogo iliyobonyezwa kichwani, kando ya msalaba. Usiitegemee peke yake, kwa sababu zipo za JIS zisizokuwa nayo. Kipimo ninachokiamini ni cha mkono: ingiza biti tunduni, uishike bila kuibana, kisha uitikise. Ikicheza, si yake. Asiyeweza kuipata ya JIS anaweza kuchukua Phillips nambari 3 na kuisaga ncha kidogo kwenye jiwe, kidogo sana, mpaka izame zaidi tunduni. Si dawa kamili, lakini nimeona ikifungua skrubu ambazo zilikuwa zimekwisha kukatiwa tamaa.

Mahali ambapo jambo hili huonekana waziwazi ni kwenye diski za breki za Honda. Kila diski ya mbele hushikiliwa na skrubu mbili za JIS nambari 3, zilizozama kwenye uso wa diski na kupigwa na joto, maji na vumbi kwa miaka. Fundi akizijia na Phillips ya kawaida na mkono mmoja, mara nyingi huishia kutafuta drili. Njia inayofaa ni hii: kwanza toa uchafu tunduni kwa kitu chembamba kama spoku ya baiskeli iliyonolewa, kwa kuwa kutu iliyojaa chini huinua hata biti sahihi, nyunyiza mafuta ya kulegeza kutu, ungoje, kisha tumia bisibisi ya kugongwa kwa nyundo, ile ambayo kila inapopigwa hugeuza pigo kuwa mzunguko mfupi huku ikiisukuma biti ndani. Hakikisha imewekwa upande wa kufungua kabla ya pigo la kwanza, maana ukiipiga ikiwa upande wa kukaza utajiongezea kazi. Kama tundu limeanza kulika, paka nchani kiasi kidogo cha ile pesti ya kusagia vali. Chembe zake huongeza mshiko. Wako mafundi ambao hawazirudishi skrubu hizo, na hoja yao ina msingi, kwa kuwa gurudumu likishafungwa, nati zake ndizo zinazoibana diski. Mimi huzirudisha, nikiwa nimezipaka grisi ya shaba na kuzikaza kwa kiasi tu, kwa sababu diski isiyoyumba huniwezesha kuirudisha kalipa, kile kifaa kinachozibana pedi za breki, bila kugombana nayo.

Pozidriv haihitaji maneno mengi. Ni msalaba wenye mistari minne myembamba katikati ya mabawa, hupatikana zaidi kwenye bidhaa za Ulaya na kwenye samani, na biti yake isitumiwe kwenye skrubu za Japani hata ikionekana kukubali.

Ukiacha msalaba, mtego wa pili uko kwenye bolti zenye tundu, hasa kwa wenye Volkswagen, BMW na Mercedes, ambazo nazo nyingi zimetufikia kupitia Japani lakini zimebaki na boliti za kwao. Kuna tundu la pembe sita zilizonyooka, linalotaka ufunguo wa Allen. Kuna Torx, nyota ya ncha sita zilizoviringwa, iliyobuniwa na Camcar Textron mwaka wa 1967. Halafu kuna XZN, nyota ya ncha kumi na mbili zilizochongoka, na hii ndiyo inayodanganya wengi. Bolti zinazoifunga shafti ya magurudumu kwenye giaboksi ya Volkswagen nyingi ni XZN, nazo zinapokuwa zimejaa grisi nyeusi, ukiwa umelala chini ya gari na tochi mdomoni, huonekana kama Torx kabisa. Torx inaingia, inashika kidogo, kisha inazikwangua zile ncha kumi na mbili zote kwa mpigo mmoja. Basi safisha tundu kwa dawa ya kusafishia breki, angaza, uhesabu ncha. Sita ni Torx, kumi na mbili zilizochongoka ni XZN, na biti yake, kwa kawaida M8 au M10 kwenye bolti hizo, igongwe taratibu kwa nyundo mpaka ikae chini ndipo uzungushe.

Ubora wa Torx una sababu yake. Kwenye tundu la pembe sita, nguvu ya mkono husukuma sana kuelekea nje, ikitaka kulipanua tundu na kuziviringa pembe za ufunguo. Kwenye Torx sehemu kubwa ya nguvu huenda moja kwa moja kwenye kuzungusha, wala hulazimiki kuikandamiza kwa kifua. Udhaifu wake ni kwamba saizi zake zinakaribiana mno. T25 ina upana wa takriban milimita 4.4 kutoka ncha hadi ncha, T27 takriban 5.0, na T30 takriban 5.5, kwa hiyo T25 huingia kwenye tundu la T27 bila shida na kuliharibu. Desturi yangu ni kuanza na biti kubwa inayokataa, kisha kushuka hatua moja moja mpaka nipate ya kwanza inayokubali.

Wenye Toyota wasidhani Torx haiwahusu. Airbagi ya usukani kwenye Toyota nyingi hushikiliwa na skrubu za T30 zilizofichwa kandoni mwa usukani, na kazi hiyo hufanywa kwa mkono, baada ya kuondoa waya hasi wa betri na kungoja angalau sekunde 90. Pia studi za manifoldi, yaani vyuma vyenye hesi vinavyoshikilia mabomba ya hewa au moshi kwenye injini, katika baadhi ya Toyota zina nyota upande wa nje, nazo hutaka soketi za herufi E badala ya biti.

Kwa ufunguo wa Allen nitataja saizi moja tu, milimita 7. Pini za kalipa za Volkswagen na BMW nyingi zinaitaka, na seti nyingi za bei nafuu huruka kutoka 6 hadi 8. Fundi asipoiona hugongomea Torx, na pini hiyo haitafunguka tena kwa ustaarabu. Nunua soketi yake peke yake, wala usinunue ya inchi ukidhani zinatoshana: kwa mfano, inchi 3/16 ni milimita 4.76, na kwenye tundu la milimita 5 itazunguka yenyewe.

Kuhusu biti zenyewe, chache nzuri zinashinda kisanduku cha vipande mia vilivyopakwa rangi ya dhahabu, maana rangi haisemi lolote kuhusu chuma. Tafuta chuma cha S2, aina ya chuma kigumu cha zana, kwa biti ndogo, hasa kama unatumia mashine ya betri inayopiga, na nambari iwe imechongwa kwenye biti, si kuandikwa kwenye boksi tu. Kwa bolti za shafti na kalipa usitumie biti ya shina la robo inchi kwenye kishikizo cha sumaku. Nunua biti iliyoshikiliwa kwenye soketi ya nusu inchi, ndefu kiasi cha kukuwezesha kuona tundu huku ukiishika wima. Ukienda dukani, beba skrubu au bolti yenyewe mfukoni, uijaribu pale kaunta kabla ya kutoa pesa.

Bisibisi bapa nayo ina nafasi yake, ingawa si pale inapotumiwa zaidi. Klipu za mipira ya radieta zina mfereji kichwani, lakini kichwa hichohicho mara nyingi kina pembe sita za milimita 7 au 8. Kifungue kwa soketi, bisibisi bapa isije ikateleza ikatoboa mpira au kiganja.