Maswali ya Wasomaji: Je, Sensa ya Oksijeni Imekufa Kweli?

SWALI: Mhariri, gari langu ni la petroli, lenye injini ya silinda nne. Taa ya injini ilipowaka, fundi alichomeka mashine ya kupimia, akapata msimbo P0171, akaniambia kwamba sensa ya oksijeni imekufa. Nilinunua nyingine, ikafungwa, na taa ikafutwa. Lakini baada ya siku chache iliwaka tena kwa msimbo uleule, na injini bado inatetemeka gari likiwa limesimama. Je, nimeuziwa sensa mbovu?

JIBU: Inawezekana, ila yaelekea zaidi kwamba hata ile ya kwanza ilikuwa nzima. Msimbo P0171 hausemi kwamba sensa ni mbovu. Unasema kwamba kompyuta ya injini imelazimika kuongeza petroli kupita kiwango kinachokubalika, kwa kuwa mchanganyiko unaonekana kuwa na hewa nyingi mno. Sensa ndiyo iliyopeleka habari hiyo, na mjumbe hauawi.

Sensa hukaa kwenye bomba la moshi na kupima oksijeni iliyosalia baada ya petroli kuungua. Uwiano unaotafutwa ni takribani kilo 14.7 za hewa kwa kila kilo 1 ya petroli. Oksijeni ikisalia nyingi, sensa ya kawaida ya zirkonia hutoa umeme mdogo sana, kama volti 0.1, ikiwa haba, umeme hupanda hadi kama volti 0.9, na mpaka wa hali hizo mbili ni karibu na volti 0.45. Kwa kufuata ishara hiyo, kompyuta hurefusha au hufupisha muda ambao injekta, yaani vinyunyizio vya petroli, hubaki wazi.

Kwa hiyo swali la kuuliza ni hili: hewa ya ziada inatoka wapi, au petroli inapungukia wapi? Mpira wa vakuamu (bomba la mpira ambalo injini hunyonya hewa kupitia kwake) uliopasuka, gasketi inayovuja ya manifoldi ya hewa, yaani mabomba yanayogawa hewa kwenye silinda, kipimahewa (sensa inayopima hewa inayoingia kwenye injini) kichafu, pampu ya mafuta iliyochoka na chujio lililoziba vyote vinaweza kuleta P0171. Hata tundu dogo kwenye bomba la moshi, likiwa kabla ya sensa, laweza kuleta msimbo huo, kwani katikati ya misukumo ya moshi hewa ya nje huvutwa ndani na sensa huipima kana kwamba imetoka kwenye silinda.

Kutetemeka unakokueleza kunanifanya nishuku uvujaji wa hewa upande wa manifoldi. Mwombe fundi atazame kwenye skana asilimia ya marekebisho ya mafuta, yaani petroli ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza, wakati injini inanguruma polepole, kisha aipandishe hadi mizunguko 2,500 kwa dakika na kuishikilia hapo. Ikiwa marekebisho ni makubwa mwanzoni, tuseme asilimia 20 au zaidi, kisha yanashuka kuelekea sifuri, hewa inavuja baada ya kipimahewa, kwa sababu mvujo uleule ni sehemu kubwa ya hewa yote injini inapokwenda polepole na ni sehemu ndogo inapokwenda kasi. Yakizidi kupanda kadiri injini inavyobebeshwa mzigo, elekea kwenye pampu, chujio au kipimahewa.

SWALI: Kuna njia gani ya kuthibitisha kwamba sensa yenyewe ndiyo mbovu kabla ya kutoa fedha?

JIBU: Ipo, na haihitaji vifaa vya ajabu. Tuanze na kipasha joto kilichomo ndani ya sensa, kwa kuwa zirkonia haifanyi kazi ipasavyo mpaka ipate joto la zaidi ya nyuzi 300 za Selsiasi. Msimbo P0135 unahusu saketi ya kipasha joto cha sensa ya mbele, yaani iliyo kabla ya kataliti, kifaa cha kusafisha moshi kwenye bomba lake. Kagua fyuzi kwanza, kisha chomoa plagi ya sensa na upime kwa multimita nyaya mbili za kipasha joto, ambazo mara nyingi huwa na rangi moja. Kipimo cha omu chache kinatarajiwa, na kitabu cha gari kitatoa kiwango kamili. Mita ikionyesha kwamba njia imekatika, kipasha joto kimeungua na hakuna la kujadili.

Kwa upande wa ishara, ipashe injini moto, ishikilie kwenye mizunguko 2,500, na uangalie volti. Sensa nzima ya mbele hupanda na kushuka bila kutulia. Ikiwa imeganda mahali pamoja, usiihukumu bado, ilazimishe. Chomoa mpira mmoja wa vakuamu ili hewa iingie, na volti zinapaswa kushuka chini ya 0.2; urudishe, kisha kanyaga mafuta kwa ghafla, nazo zinapaswa kuruka juu ya 0.8. Inayoitikia kwa haraka pande zote mbili ni nzima, hata skana ikisema nini. Inayoitikia kwa kujikokota imezeeka.

Kipimo hiki hakifai kwa magari yenye sensa ya uwiano wa hewa na mafuta, ambayo haipandi na kushuka namna hiyo. Wala hakifai kwa sensa ya nyuma ya kataliti: hiyo ikitulia karibu na volti 0.6 au 0.7, ni dalili njema. Ikianza kuigiza ya mbele, kataliti ndiyo iliyochoka, na huo ndio msimbo P0420 ambao, kwa maoni yangu, umesababisha sensa nyingi za nyuma kutupwa bila hatia.

Ukishaithibitisha kuwa mbovu, tafuta kilichoiua. Silikoni ya kuzibia gasketi isiyofaa kwa sensa, maji ya rejeta yanayoingia kwenye silinda na oili inayoungua huipaka ncha tabaka ambalo litaiua na mpya pia.

SWALI: Sensa imeshika kutu na haifunguki. Je, nyaya za sensa mpya zinaweza kuunganishwa kwa risasi ya kuyeyusha?

JIBU: Nyunyizia mafuta ya kulegeza kutu, yaache yapenye, kisha washa injini kwa dakika chache ili chuma kipate joto, lakini kisiwe cha kuunguza mikono. Tumia soketi yenye mkato wa kupitishia waya, kwa kawaida ya milimita 22. Kama sensa inatupwa, kata nyaya na utumie soketi ndefu ya kawaida, ambayo haitelezi kirahisi.

Risasi iepuke, kwani sensa nyingi huvuta hewa ya nje, ya kulinganishia na moshi, kupitia ndani ya nyaya zenyewe, na risasi au grisi huiziba njia hiyo. Tumia viungio vya kubana. Grisi ya kuzuia kushikana ipakwe kwenye meno tu, isiguse ncha, na sensa ikazwe kwa kiwango cha kitabu, ambacho mara nyingi ni kati ya Nm 40 na 50. Baada ya kufuta msimbo, ukiona P0135 inarudi palepale, usiitupe sensa mpya. Rudi kwenye fyuzi, kisha ufuate nyaya hadi kwenye kompyuta.