Bunduki moja ya nusu otomatiki kwa mbweha na sungura: nichague ipi?

Swali: Ninafuga kuku na kulima mboga. Usiku mbweha huvamia banda, na alfajiri sungura humaliza miche. Kibali ninacho, na kwa miaka mingi nimetumia bunduki ya bolti, yaani ile ambayo bolti (kipande kinachofunga nyuma ya mtutu) huvutwa kwa mkono baada ya kila risasi, ambayo sasa nimeiuza. Nataka kununua moja ya nusu otomatiki, inayojijaza yenyewe kila inapofyatuliwa, itakayofanya kazi zote mbili. Muuzaji mmoja ananishauri nichukue .223 Remington, mwingine anasema .22 LR inatosha. Yupi yuko sahihi, na mbali na kaliba nikague nini?

Jibu: Wote wawili wako sahihi, ila kila mmoja anamzungumzia mnyama wake. Risasi ya kawaida ya .22 LR ina kichwa cha greni 40, yaani gramu 2.6, nayo hutoka mtutuni ikiwa na nguvu isiyofika jouli 200. Kwa sungura aliyetulia umbali wa mita 50 au 60 hiyo inatosha kabisa, mradi umlenge kichwani. Kwa mbweha haitoshi, isipokuwa yuko karibu sana na mpigaji ana uhakika wa shabaha yake, na mimi sipendi kumshauri mtu ategemee hali hiyo gizani, kwa sababu mbweha aliyejeruhiwa huenda kufia mafichoni kwa mateso. Risasi ya .223 yenye kichwa cha greni 55 hutoka kwa kasi inayokaribia mita 980 kwa sekunde, na nguvu yake ni karibu mara tisa ya ile ya .22. Mbweha wa mita 200 huanguka papo hapo akipigwa kifuani. Sungura akipigwa kwa risasi hiyo hiyo, hakuna nyama itakayobaki ya kupika, na mlio wake utawaamsha majirani wote.

Huenda mtu akakupendekezea .17 HMR, iliyoingia sokoni mwaka 2002, kama njia ya kati. Ni risasi nzuri kwa sungura wa mbali, lakini katika bunduki ya nusu otomatiki inahitaji uangalifu. Bunduki nyingi za .22 hufunguka kwa kusukumwa na ganda lenyewe, huku uzito wa bolti na springi pekee vikiichelewesha. Kwa .17 HMR mfumo huo mwepesi hautoshi, kwa sababu bolti inaweza kufunguka wakati shinikizo ndani ya ganda bado ni kubwa. Ukiitaka, chagua bunduki iliyobuniwa tangu mwanzo kwa risasi hiyo na yenye mfumo wa kuchelewesha bolti, kama Savage A17 ya mwaka 2015, wala usikubali bunduki ya .22 iliyobadilishwa mtutu tu.

Kabla ya kulipa chochote, soma masharti ya kibali chako neno kwa neno. Kibali kinachoruhusu bolti si lazima kiruhusu nusu otomatiki. Uingereza ilipiga marufuku bunduki ndefu za nusu otomatiki mwaka 1988 na kuacha zile za .22 ambazo fataki yake iko ukingoni mwa ganda, na New Zealand ilifuata mkondo unaofanana mwaka 2019. Sheria yako ikiwa ya namna hiyo, uamuzi umekwisha kufanyika.

Ukiruhusiwa .223, jambo la kwanza la kukagua ni maandishi yaliyochongwa kwenye mtutu. Chemba (sehemu ya mtutu inayoshika risasi) ya .223 Remington na ile ya 5.56 ya kijeshi hupokea maganda yanayofanana kwa macho, lakini katika chemba ya 5.56 kichwa cha risasi husafiri nafasi ndefu zaidi kabla ya kukutana na mifereji ya mtutu inayoizungusha risasi. Kwa hiyo .223 inaweza kupigwa katika chemba ya 5.56 bila hatari, ilhali 5.56 katika chemba ya .223 huweza kupandisha shinikizo kupita kiwango salama. Chemba inayoitwa .223 Wylde ilibuniwa kupokea zote mbili na kulinda shabaha, nami kwa kazi yako ningeitafuta hiyo.

Baada ya hapo, uliza mifereji inazunguka mara moja kwa inchi ngapi. Wengi hulipuuza swali hili, kisha hulaumu darubini. Mtutu wa mzunguko mmoja kwa inchi 12 hutuliza vichwa vyepesi vya greni 40 hadi 55, lakini virefu vya greni 70 na kuendelea huyumbayumba hewani. Mzunguko mmoja kwa inchi 7 ulikusudiwa vichwa virefu na vizito, na baadhi ya vile vyepesi vyenye koti jembamba la shaba vinaweza kupasuka angani kwa kuzungushwa mno. Kwa mbweha utatumia greni 50 hadi 60, hivyo inchi 9 au 8 inakufaa. Chagua vichwa vinavyopanuka au kuvunjika ndani ya mnyama. Vile vya kijeshi, vilivyofunikwa shaba kote, hupenya na kuendelea na safari, tena huruka ovyo vikigonga jiwe.

Urefu wa mtutu usikusumbue sana: inchi 18 au 20 ni wastani mzuri kwa mtu anayezunguka shambani. Kifyatulio kina uzito zaidi kwako kuliko urefu huo. Vingi vinavyotoka kiwandani katika bunduki za umbo la AR (zinazofuata muundo wa AR-15) huhitaji kuvutwa kwa nguvu ya kilo 2.5 au zaidi, na shabaha huharibika kabla ya risasi kutoka. Kilo 2 zinatosha, mradi kifyatulio kiachie ghafla bila kukwaruza. Usishuke sana chini ya hapo, kwa kuwa vidole vyenye baridi havihisi vizuri.

Wewe uliyezoea bolti, nakusihi ulizingatie hili kuliko yote niliyotaja. Bolti hukulazimisha ufanye tendo la makusudi kabla ya risasi ya pili, lakini bunduki hii, mara tu baada ya mlio, imejaa tena na iko tayari. Faida yake ni kwamba jicho halitoki kwenye darubini mbweha wa pili anapojitokeza. Hatari yake ni kwamba unainuka kwenda kumtazama wa kwanza ukiwa na risasi chembani. Jizoeze kurudisha kizuizi cha usalama kabla ya kusogeza mguu. Ukitumia darubini ya joto, yaani inayoona joto la mwili gizani, kumbuka kwamba inaonyesha mwili wa mnyama vizuri kuliko kilicho nyuma yake, hivyo ukague mchana kila upande utakaoelekeza mtutu. Hata .22 ndogo inaweza kufika zaidi ya kilomita 1.

Kwa kuwa fedha ni za bunduki moja, ningenunua .223 kwa ajili ya mbweha, iwapo nyuma ya banda kuna tuta la udongo la kupokea risasi. Sungura ningewazuia kwa wavu wenye matundu yasiyozidi sentimita 3, wenye kimo cha karibu sentimita 90, ukingo wake wa chini ukikunjwa kuelekea nje ili wasichimbe. Kama tuta halipo na nyumba ziko karibu, nunua .22, ijaribu na aina tatu au nne za risasi za kasi, kwa sababu zile za polepole mara nyingi hushindwa kurudisha bolti, na banda uliimarishe.