Dalili za Badiliko la Kikemia: Maswali na Majibu

Mwalimu, maji ya bahari yakianikwa juani hubaki chumvi nyeupe. Je, si kitu kipya hicho? (Mwanafunzi, Kisauni)

La. Chumvi ilikuwamo majini tangu awali, na jua limeondoa maji tu. Irudishie maji, nayo itayeyuka kama kwanza. Badiliko ni la kikemia pale kinapopatikana kitu kingine chenye sifa zake.

Unga wa mahamri ukiumuka una viputo, na maji yakichemka yana viputo. Tofauti ni ipi? (Mpishi, Majengo)

Viputo vya maji yanayochemka ni maji yale yale yaliyogeuka mvuke, na ukifunika sufuria utayaona yakirudi kuwa matone kwenye kifuniko. Katika unga, hamira hula sukari na kutoa hewa ya ukaa pamoja na alkoholi kidogo, vitu ambavyo havikuwamo ulipokuwa ukikanda. Ndiyo maana unga ulioachwa mno hunuka uchachu. Mimi huiamini harufu hiyo kuliko viputo.

Geti langu limeshika kutu, lakini halikupata moto wala kutoa moshi. Je, hilo nalo ni badiliko la kikemia? (Mkazi wa Likoni)

Naam, ila ni la polepole, na joto lake hutoka kidogo kidogo hata usilihisi. Chuma, oksijeni na maji vimeungana kuwa kitu chenye rangi ya kahawia, kinachomeguka kwa ukucha na kisichoweza kurudi kuwa chuma kwa kusuguliwa. Chumvi inayoletwa na upepo wa bahari huharakisha kazi hiyo, kwa kuwa unyevu wenye chumvi hupitisha umeme kwa wepesi kati ya sehemu moja ya chuma na nyingine. Kutu haikingi chuma kilicho chini yake, kwa hiyo kuipaka rangi bila kuikwangua kwanza ni kupoteza fedha.

Chokaa iliyotoka tanuri ikimwagiwa maji huchemka bila moto. Joto hilo latoka wapi? (Fundi, Mji wa Kale)

Latoka katika kuungana kwa chokaa na maji. Mawe ya matumbawe yakichomwa kwa joto la nyuzi 900 hivi hutoa hewa ya ukaa, na kinachobaki huwa na pupa ya maji. Kikimwagiwa, huungana nayo kwa ukali unaoweza kuunguza macho, basi simama mbali. Ikishapakwa ukutani, chokaa hufyonza polepole hewa ya ukaa iliyomo hewani na kurudi kuwa dutu ile ile ya mawe yaliyochomwa. Kuta za Fort Jesus, ambayo ujenzi wake ulianza mwaka 1593, ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikizwa kwa chokaa ya namna hiyo.

Mafuta yangu ya nazi huganda asubuhi za Julai. Je, yameharibika? (Msomaji, Tudor)

Hayajaharibika. Huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na jua likipanda huyeyuka. Yakianza kunuka ukale, hapo ndipo yamebadilika kikemia, na hata ukiyapasha moto hayatarejea.