Mabango ya sinema ya babu: tuyapige pasi kabla ya mnada?

SWALI: Habari za kazi. Marehemu babu alikuwa anaonyesha filamu kwenye jumba la sinema, juzi tumefungua sanduku lake tukakuta mabango ya filamu za Marekani za miaka ya 1950, kama thelathini hivi, yote yamekunjwa na mengine yamechanika pembeni. Nataka kuyapeleka mnadani. Kaka anasema tuyapige pasi afu tuyaweke laminesheni yapendeze, mimi roho inasita. Mnanishauri nini?

JIBU: Tafadhali mwambie kaka aiweke hiyo pasi chini! Laminesheni ikishashika karatasi ndo basi tena, haitoki, na mnunuzi wa maana akiiona anaondoka. Selotepu nayo msiguse, ile gundi inageuka njano na kuzama ndani ya karatasi.

Mikunjo isikutie presha. Mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1980 mabango mengi ya sinema ya Marekani yalikuwa yanakunjwa kabisa kabla ya kutumwa kwenye majumba ya sinema, kwa hiyo bango la 1950 na kitu likija limenyooka kama limetoka dukani jana, mimi ndo naanza kuuliza maswali.

Sasa chukua rula tuone kama ni halisi. Saizi iliyozoeleka enzi hizo ilikuwa inchi 27 kwa 41. Halafu angalia chini kabisa kwenye ukingo, mara nyingi utakuta namba kama 54/210 hivi, ziliwekwa na kampuni ya National Screen Service waliokuwa wakisambaza mabango hayo, mbili za mwanzo ni mwaka, na ukiona herufi R kabla ya namba hizo ujue filamu ilikuwa inarudishwa sinema mara ya pili, hapo bei kwa kawaida inashuka. Chukua na lenzi ya kukuzia uangalie yale maandishi madogo: kwenye bango halisi herufi huwa zimejaa wino na kingo zake zimekaa vizuri, kwenye kopi iliyopigwa picha nazo zimevunjika vidoti vidoti.

Yaliyochanika yaache hivyo hivyo. Wapo mafundi wanaoyabandika kwenye kitambaa kwa gundi ya ngano inayotoka kwa maji, ila kazi hiyo ina gharama, usiilipie kabla hujajua bango lina thamani gani.

Mnadani sasa, hapa ndo watu wengi wanaumia. Bei nyundo ikigonga siyo hela yako yote, kuna kamisheni, na wengine wanakata ya picha na bima, na bango lisipouzwa wanaweza kukudai pia, kwa hiyo uliza yote hayo kwa maandishi kabla hujasaini. Omba uwekewe bei ya chini ambayo likishindwa kuifikia haliuzwi. Na kama una mawili matatu ya filamu moja usiyatoe siku moja, wanunuzi wakiona yapo mengi wanapunguza mkono. Bango la Metropolis, filamu ya Kijerumani ya 1927, liliuzwa dola 690,000 mwaka 2005 kwa sababu yaliyobaki yanahesabika kwa vidole.

Anza na lenzi wikiendi hii, namba zile ziandike kwenye daftari, kwenye bango lenyewe usiandike hata kwa penseli.